Kutoka Msingi hadi Paa: Maneno ya Ujenzi kwa Wanaoanza

Kwa muda sasa Baraza limekuwa likipokea hati za ujenzi ili tafsiri zake zikaguliwe. Nyingi ni miongozo ya kamati za ujenzi za vijiji, mikataba midogo ya mafundi, taarifa za maendeleo ya kazi, na mara mojamoja kitabu cha chuo cha ufundi. Tulipoanza kazi hiyo tulidhani kwamba shida kubwa ya watafsiri ingekuwa uhaba wa maneno. Sivyo ilivyokuwa. Maneno ya ujenzi katika Kiswahili ni mengi, mengine ya karne nyingi na mengine ya juzi tu, na mafundi huyatumia kutwa bila kukwama. Shida iliyopo ni kwamba neno moja hutwikwa vitu viwili, na msomaji aliye mbali na jengo hana njia ya kujua ni kipi kilichokusudiwa.

Tutoe mfano. Mwongozo mmoja, ambao hatutataja ulikotoka, ulitafsiriwa kwa ajili ya kamati ya ujenzi wa madarasa. Katika ukurasa wa tatu ulisema kwamba "mchanganyiko wa saruji" uwe wa uwiano wa 1:2:4. Katika ukurasa wa tano ukasema kwamba "mchanganyiko wa saruji" uwe wa uwiano wa 1:6. Mtafsiri hakukosea hesabu. Hati ya asili ilikuwa na majina mawili ya vitu viwili, naye akayapa jina moja. Lakini mjumbe wa kamati aliuliza kwa haki kabisa: je, ukurasa wa tano unasahihisha ukurasa wa tatu? Na kwa kuwa kamati ndiyo inayonunua vifaa, swali lilikuwa na uzito wa fedha, kwani mchanganyiko mmoja unahitaji kokoto na wa pili hauhitaji hata punje moja.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kujenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilisimamiwa na kamati za mahali penyewe zikitumia mafundi wa mahali penyewe. Wajumbe wa kamati kama hizo ni wakulima, walimu na wafanyabiashara wadogo. Husoma Kiswahili. Kama Kiswahili tunachowaandikia hakiwaonyeshi kitu kilichopo kiwanjani, hawana pengine pa kukimbilia.

Basi katika makala haya tutamchukua msomaji asiyepata kushika mwiko, tuanze naye ardhini, tupande naye hadi juu ya paa. Hatukusudii kutaja kila kitu. Tutakaa zaidi pale ambapo tumeona watafsiri wakiteleza.

Saruji, mota na zege

Saruji ni ule unga wa kijivu unaouzwa katika mifuko ya kilo 50. Watu wengi huuita simenti au simiti, na hakuna ubaya, ila katika maandishi rasmi saruji imekwisha kuzoeleka. Neno lenyewe lina historia inayoeleza sehemu ya fujo tuliyo nayo, kwa maana katika Kiajemi lilikuwa jina la mchanganyiko wa chokaa wa kujengea, na si la unga peke yake. Maana ya zamani bado inanong'ona ndani ya neno, na ndiyo sababu mtu husema "sakafu ya saruji" ilhali anakusudia kitu chenye mchanga na kokoto ndani yake. Katika mazungumzo hilo linavumilika. Katika hati ya vipimo halivumiliki.

Mota ni saruji, mchanga na maji. Kazi yake ni kushikanisha tofali na tofali. Uwiano wa 1:6 maana yake ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu sita za mchanga. Katika nyumba za mawe za pwani kazi hiyo ilifanywa na chokaa na mchanga, na katika nyumba ya matofali mabichi hufanywa na udongo uliokandwa. Mota ile ile ikipakwa usoni pa ukuta ili kuulainisha huitwa lipu, na kitendo chake ni kupiga lipu; kwa kawaida lipu huwa na saruji nyingi zaidi kuliko mota ya kujengea. Tumeulizwa kama mota si neno la kigeni mno. Ni la kigeni, naam, lakini fundi wa Mwanza na fundi wa Tanga wote wanalielewa, na hatujaona neno jingine la kuliondoa mahali pake.

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Kokoto ndiyo inayolitenga zege na mota. Uwiano wa 1:2:4 ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Msomaji mgeni akumbuke kanuni hii rahisi: tarakimu mbili ni mota au lipu, tarakimu tatu ni zege. Hapa pana neno jingine dogo lenye hatari, nalo ni "sehemu". Sehemu hupimwa kwa ujazo, na chombo cha kupimia lazima kiwe kile kile kwa saruji, mchanga na kokoto. Tumepata kuona tafsiri iliyosema "mfuko mmoja wa saruji, toroli mbili za mchanga na toroli nne za kokoto", mtafsiri akidhani amerahisisha mambo. Toroli na mfuko havilingani. Zege la namna hiyo ni dhaifu kuliko lililokusudiwa. Afadhali mtafsiri aseme "sehemu", kisha aeleze kwamba sehemu ni boksi la kupimia lenye ujazo wa mfuko mmoja.

Zege haliwi gumu kwa kukauka, kama wengi tunavyodhani. Huwa gumu kwa sababu saruji na maji huungana na kuwa kitu kipya, na muungano huo unaendelea kwa siku nyingi. Wahandisi hupima nguvu zake katika siku ya 28. Kwa hiyo zege jipya hufunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi. Kitendo hiki tumeona kikitafsiriwa "kukausha zege", yaani kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Kumwagilia ndilo neno la mafundi, na ndilo tunalolipendekeza. Mkulima wa kamati ya kijiji hahitaji kufafanuliwa maana ya kumwagilia.

Msingi na jamvi

Sote twasema kuchimba msingi, na sote twasema kujenga msingi. Katika kauli ya kwanza msingi ni handaki, yaani shimo refu jembamba linalofuata mstari wa ukuta. Katika kauli ya pili msingi ni kile kinachowekwa ndani ya handaki hilo: ukanda wa zege chini kabisa, na juu yake mawe au matofali yanayopanda hadi kuchomoza usoni pa ardhi. Lugha haina kosa. Mazungumzo hujieleza yenyewe. Lakini chukua taarifa ya robo mwaka yenye sentensi moja tu, "Msingi umekamilika," na afisa aliye makao makuu ambaye kwa sentensi hiyo ataidhinisha malipo ya hatua ya kwanza. Je, kuna shimo au kuna ukuta? Tunashauri taarifa iseme "uchimbaji wa msingi umekamilika" au "ujenzi wa msingi umekamilika". Ni neno moja zaidi tu.

Msingi ukisha kusimama, nafasi iliyo katikati ya kuta zake hujazwa kifusi, nacho hushindiliwa kwa tabaka. Juu ya kifusi humwagwa zege la kutandaza, na hili mafundi wa Tanzania huliita jamvi. Hatujui neno la ufundi lililotungwa kwa uzuri kuliko hili. Jamvi ni mkeka mkubwa unaotandikwa sakafuni kwa ajili ya wageni, nalo zege hili limetandikwa vivyo hivyo, juu ya ardhi, likabebwa na ardhi. Hiyo ndiyo tofauti yake na lile zege la ghorofani ambalo chini yake kuna hewa tupu na watu, hilo tutalifikia. Watafsiri ambao wamekuwa wakiandika "sakafu ya zege" kwa vyote viwili wanaacha mali nzuri njiani.

Ukuta, lenta na boma

Juu ya ukuta hatutakawia. Neno tofali lisiachwe peke yake katika hati. Kuna tofali bichi, tofali la kuchoma na tofali la saruji, na bei zake na nguvu zake haziko pamoja. Mstari mmoja wa matofali kwa urefu wa ukuta mafundi huuita kozi. Mwalimu aliyezoea kozi za likizo hucheka akisikia kwamba ukuta wake umebakiza kozi tatu, lakini maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na yule kozi wa tatu, ndege mla vifaranga, hana udugu nao. Kwa kitabu cha darasani safu ya matofali inatosha. Kunyooka kwa ukuta juu na chini hupimwa kwa timazi, na kulala kwake sawasawa hupimwa kwa pimamaji. Vifaa hivi viwili visibadilishane majina.

Ukuta ukifika juu ya milango na madirisha hutakiwa kitu kigumu cha kuvuka uwazi ule, kibebe matofali yatakayofuata. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno kizingiti, na kizingiti kilikuwa cha juu na cha chini pia: kile upitacho chini yake na kile ukikanyagacho au ukirukacho uingiapo. Siku hizi mtu akisikia kizingiti hufikiri cha chini tu, na magazeti yamekigeuza kuwa jina la kila kikwazo. Kwa hiyo mafundi wakachukua neno la Kiingereza, wakalilainisha, likawa lenta. "Jengo limefika kwenye lenta" ni sentensi inayoeleweka nchi nzima.

Hata hivyo lenta nayo imepata maana mbili. Katika majengo yetu mengi zege la juu ya milango halikatwi mlango kwa mlango, bali huendelea kuzunguka kuta zote kama mshipi kiunoni. Kwa uhandisi hivyo ni vitu viwili: kipande kinachovuka uwazi, na mshipi unaofunga kuta zisitengane. Mkataba unaosema "lenta juu ya milango na madirisha" humruhusu fundi kuweka vipande na kuacha mshipi. Naye atakuwa hajavunja neno hata moja la mkataba. Tunapendekeza lenta ibaki kwa kile cha juu ya uwazi, na kile kinachozunguka kiitwe mkanda wa zege. Pale vinapokuwa kitu kimoja, hati iseme "lenta inayozunguka kuta zote".

Hapa ndipo inapofaa kulitaja neno boma, kwa sababu limejaa katika taarifa za halmashauri. Wengi tulilijua kama zizi la ng'ombe au uzio wa miiba, na wazee wetu walilijua kama ofisi ya mkoloni wilayani. Katika taarifa za ujenzi wa shule na zahanati limepata maana nyingine: jengo ambalo kuta zake zimesimama lakini halijaezekwa. "Kukamilisha maboma" ni kuyapaua, kuyaezeka, kuyapiga lipu na kuyatia milango. Wako wanaotaka tulikatae. Sisi tunaona limekwisha kupata kazi yake, na kazi hiyo haina neno jingine. Mtafsiri anayelipeleka katika lugha ya kigeni tu ndiye anayepaswa kuwa macho, asije akamwambia mfadhili kwamba fedha zake zinakwenda kujenga mazizi au ngome.

Nguzo, boriti na nondo

Kitu kinachosimama na kubeba ni nguzo. Kitu kinacholala na kubeba ni boriti. Hiyo ndiyo tofauti yote, na tunaomba isichezewe. Tumeona neno mhimili likitumiwa mara kwa hiki na mara kwa kile. Mhimili latokana na kuhimili. Kila kibebacho mzigo ni mhimili, nguzo na boriti pia. Ni neno zuri kwa kueleza kazi ya kitu, na baya kwa kutaja kitu chenyewe katika mchoro.

Asili ya boriti ni pwani. Miti ya mikoko iliyokatwa Lamu na kwenye delta ya Rufiji iliuzwa kwa majina yaliyofuata unene wake: fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Majahazi yaliipeleka hadi Arabuni na Ghuba. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vya nyumba za mawe, na ndiyo sababu vyumba vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Unguja ni virefu na vyembamba: fundi hakuweza kuvuka upana ambao mti wake haukuufikia. Leo boriti inaweza kuwa ya mbao, ya chuma au ya zege, nalo neno limehama na kazi yake. Fundi wa mjini husema bimu. Hatumkatazi, lakini boriti ya zege haina upungufu wowote.

Zege lina tabia moja ambayo mtafsiri wa hati za ujenzi hana budi kuifahamu, ama sivyo hataelewa neno nondo. Zege hustahimili sana kubanwa, lakini halistahimili kuvutwa. Uwezo wake wa pili ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa kwanza. Chukua kifutio cha mwanafunzi, kishike ncha mbili, ukikunje ncha zielekee juu. Upande wa juu hujibana ukawa na makunyanzi, na upande wa chini hunyooka ukavutika. Boriti iliyobebwa ncha mbili na kuelemewa katikati hufanya vivyo hivyo, ingawa kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Upande wa chini huvutwa, na zege peke yake lingepasuka. Kwa hiyo huwekwa vyuma upande huo. Vyuma hivyo ni nondo. Vyuma vyembamba vilivyokunjwa mraba vikazizunguka nondo huitwa ringi. Hushika nondo mahali pake na kuzuia nyufa za mshazari karibu na nguzo.

Sasa tuangalie roshani, yaani ile sakafu ya nje ghorofani inayochomoza ukutani bila nguzo upande wa pili. Hiyo imeshikwa ncha moja tu. Ikielemewa, ncha yake huinama, na upande unaovutwa ni wa juu. Nondo zake kuu, basi, hukaa juu. Kitabu kimoja cha mafunzo kilichotufikia kikiwa rasimu kilitafsiri maneno yenye maana ya "upande unaovutwa" kuwa "upande wa chini" kila yalipotokea. Katika sura ya boriti sentensi zilikuwa sahihi. Katika sura ya roshani kitabu kilimfundisha kijana kuweka vyuma mahali ambapo havitafanya kazi yoyote, juu ya vichwa vya wapita njia. Mtafsiri alifanya hivyo kwa nia njema ya kurahisisha. Tulirudisha "upande unaovutwa" kote, tukaongeza mfano wa kifutio.

Nondo lazima zifunikwe na zege pande zote, maana zikifikiwa na maji na hewa hushika kutu, kutu huvimba, na zege hubanduka. Ili zisilalie mbao, huwekewa vipande vidogo vya zege chini yake, ambavyo tumewasikia mafundi wakiviita biskuti. Hatujathubutu kuliingiza neno hilo katika orodha, wala hatujathubutu kulikataa. Miti inayosimamishwa kubeba mbao hizo mpaka zege ligumu ni mirunda. Kuondoa mirunda mapema ni kuliachia zege mzigo kabla halijapata nguvu, kwa hiyo hati inayotaja siku za kuacha mirunda itafsiriwe kwa uangalifu ule ule wa hati ya dawa.

Sakafu, dari na ghorofa

Katika Kiarabu neno lililotupatia sakafu lina maana ya paa au dari, kitu cha juu ya kichwa. Katika Kiswahili sakafu iko chini ya miguu. Wanafunzi hudhani wazee wetu walikosea. Hawakukosea; walikuwa wakiitazama nyumba ya mawe. Katika nyumba hiyo boriti zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe, kisha ikamwagwa chokaa na kokoto, watu wakaipiga kwa vigongo siku nyingi huku wakiimba mpaka ikashikamana. Kitu hicho kimoja kilikuwa juu ya kichwa cha aliye chini, na chini ya miguu ya aliye juu. Hata pale pasipokuwa na ghorofa, paa la bapa lilitengenezwa vivyo hivyo, nalo likaitwa sakafu. Jina lilishika kitu, si mahali. Baadaye likateremka hadi chumba cha chini.

Leo hali imerudi ile ile. Bamba la zege linalotenga ghorofa na ghorofa ni sakafu kwa mmoja na dari kwa mwingine, na mtafsiri anapotakiwa kulitaja lenyewe, kama kitu chenye unene na nondo, hukwama. Mafundi husema slabu. Dari haifai hapa, kwa sababu watu wengi wakisikia dari hufikiri vile vibao au karatasi ngumu zinazopigiliwa chini ya kenchi kuficha mabati. Tumeamua kutumia bamba la zege katika maandishi, na slabu ibaki katika mazungumzo ya kiwanjani. Jamvi halimo humo; jamvi limelala juu ya ardhi na halihitaji nguvu ile ile.

Ghorofa nalo ni neno la Kiarabu, na huko maana yake ni chumba, hasa cha juu. Ndiyo sababu nyumba ya chini tu haiitwi ghorofa hata ikiwa na vyumba ishirini. Lakini hesabu yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mtu akisema "nyumba ya ghorofa moja" hukusudia nyumba yenye vyumba vya chini na tabaka moja juu yake. Hapa chini hakuhesabiwi. Mtu yule yule akisimama mjini akahesabu "jengo la ghorofa kumi", huanzia mlangoni barabarani. Hapa chini kumehesabiwa. Baina ya moja na kumi hesabu imebadilika, na hakuna ajuaye ni wapi.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka, watu 36 wakapoteza maisha. Magazeti yaliliita jengo la ghorofa 16. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na watu wengi wakafukiwa. Hatusemi hata kidogo kwamba neno ndilo lililoangusha majengo hayo. Tunasema kwamba swali la kwanza ambalo mtu huuliza baada ya msiba wa namna hiyo ni jengo liliruhusiwa kuwa na ghorofa ngapi na lilikuwa na ngapi. Ikiwa kibali kinahesabu kwa namna moja na mkaguzi kwa namna nyingine, tabaka zima la jengo laweza kujificha ndani ya neno. Katika vibali na mikataba, basi, tunaomba iandikwe "chini na ghorofa tisa", wala si "ghorofa kumi". Namna hii imekwisha kutumiwa na baadhi ya maafisa, na haijaleta malalamiko.

Paa

Nyumba ya udongo na miti ilituachia maneno mengi ya paa ambayo bado yanafanya kazi chini ya mabati. Paa lina vipaa, cha mbele na cha nyuma, na pande zake za ncha ni visusi. Kombamoyo ni mti unaoteremka kutoka kilele hadi ukutani. Mtambaapanya ni boriti inayolala juu ya ukuta kushika paa, na aliyewahi kulala katika nyumba ya makuti hahitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi. Pau ni miti myembamba inayokatisha makombamoyo, na kutoka pau tumepata kupaua, yaani kuweka kiunzi cha paa. Kuezeka ni kufunika kiunzi hicho kwa makuti, nyasi, vigae au mabati. Vitendo hivi viwili vinachanganywa sana. Jengo lililopauliwa lakini halijaezekwa halikingi mvua, na fedha za mabati bado zinahitajika. Taarifa inayosema "limepauliwa" kwa maana ya kwamba limekwisha paa inaweza kumfanya mtu afunge kifungu cha fedha kabla ya wakati. Upepo unapoyang'oa mabati, jengo limeezuliwa. Halijapauliwa upya wala halijabomoka, na kiunzi chaweza kuwa kizima.

Mbao zilizoungwa pembetatu kubeba mabati huitwa kenchi, neno la Kihindi lenye maana ya mkasi. Tazama jinsi mbao mbili zinavyokutana kileleni na utaona mkasi uliofunguliwa. Wahindi walilitumia kwa paa kabla yetu, na bila shaka lilikuja pamoja na waashi na maseremala wao. Katika vitabu vingine tumekuta "fremu ya paa" mahali pa kenchi. Fremu iachiwe milango na madirisha.

Na kwa kuwa tumetaja mlango, tuongeze kwamba miti miwili ya kusimama ya fremu ni miimo, kila mmoja mwimo. Kiungo kinachouwezesha mlango kuzunguka ni bawaba. Kinachoufunga kwa ufunguo ni kitasa, na kinachoufunga kwa kusukumwa tu ni komeo. Nguzo ya katikati inayofunika mwanya wa mbao mbili za milango ya nakshi ya Unguja na Lamu ni mfaa. Wauzaji wa samani wameanza kuuita "ubao wa katikati". Waulizwe wachongaji.

Limebaki neno moja ambalo Kamati yetu ya istilahi haijalimaliza, nalo ni la ile sehemu ya paa inayochomoza nje ya ukuta kuukinga na mvua. Baadhi ya wajumbe wanataka upenu. Wengine wanapinga kwamba upenu kwao ni chumba kidogo kinachoegemezwa ubavuni mwa nyumba, penye kuku na kuni, na kwamba mkandarasi akiagizwa kuweka "upenu wa sentimita 60" atashangaa ni kuku gani watakaoingia humo. Wasomaji walio katika wilaya za ndani, ambao mafundi wao wana neno lao, wanaombwa watuandikie pamoja na mchoro mdogo, hata wa kalamu ya risasi.